Muhuri Niliouomba Mwenyewe

Chekeni tu, nimeshazoea. Pale Gazi hata watoto waliozaliwa juzi wananiita Bwana Muhuri na hawajui kwa nini, wanadhani ndilo jina nililopewa na wazazi wangu, nami siwasahihishi, kwa sababu nikiwasahihisha itabidi nieleze, na kueleza ndiyo aibu yenyewe. Lakini leo mmenibana, na kahawa ni yenu, basi sikilizeni, ila msinikatize.

Wakati huo nilikuwa baharia. Nyumbani walijua kwamba mimi ni ofisa wa meli, tena ofisa mkubwa, maana ndizo salamu nilizokuwa nikiwatuma kupitia wenzangu waliokuwa wakishuka Kilindini (kila salamu nilijipandisha cheo kidogo, na kama ningekaa baharini zaidi ningefika nahodha). Ukweli ni kwamba kazi yangu ilikuwa kumenya viazi. Sisemi kupika, mpishi alikuwa mtu mwingine na alikuwa mkali. Mimi nilimenya viazi, nikimaliza gunia naletewa gunia, hivyo hivyo mpaka Ulaya, na kurudi.

Sasa, nilikuwa na pasipoti. Niliichukua Mombasa kabla bendera ya Mwingereza haijashushwa, nikapigwa picha nikiwa nimevaa shati la kuazima lililonizidi shingoni na kichwa kimelowa mafuta ya nazi, nikapewa kile kitabu chenye nembo ya simba na farasi, na Gazi nzima ikaja kukitazama. Melini hakikuwa na kazi, tulishuka bandarini kwa karatasi za ubaharia, kwa hiyo kililala ndani kabisa ya sanduku langu la bati kimefungwa kwenye leso. Mara moja moja nilikitoa, nikajiangalia pichani, nikakirudisha. Kusoma kilichoandikwa ndani haikunijia akilini hata siku moja. Wakati mimi namenya viazi, nchi ikapata uhuru, mambo yakabadilika, na kile kitabu kikafika mwisho wake kimya kimya humo humo ndani ya leso.

Meli yetu ikaja Tanga kupakia katani, na mkataba wangu ukaishia hapo. Nikafurahi mno, kwa sababu nilikuwa na safari ya harusi yangu mwenyewe. Nilikuwa nimemposa Mejumaa, binti wa Mzee Salimu, na nikahi ilikuwa imeshaahirishwa mara mbili kwa sababu bwana harusi yuko baharini. Mara hii Mzee Salimu alileta ujumbe mkavu: Ijumaa hii baada ya laasiri, nisipokuwepo tusijuane tena, kwani pale Msambweni kuna kijana fundi seremala anayeulizia kila wiki na hana haja ya meli. Nami Mejumaa nilikuwa nampenda. Nayasema haya wazi ili mjue kwamba sikuwa na mchezo, nilikuwa nampenda, na nilikuwa naogopa.

Ndugu zetu wa upande ule wa mpaka wakaniambia, "Omari, lala hapa, alfajiri tutakuvusha kwa miguu, tutoke Jasini tuingie Vanga, chai utainywa kwenu." Na kweli ndivyo watu walivyokuwa wakienda maziko na harusi, huku ndugu na huko ndugu, hakuna aliyeulizwa kitu. Mimi nikacheka. Mimi, mtu wa pasipoti, nipite mikokoni na suruali nimeipandisha magotini? Suti yangu je? (Nilikuwa nimenunua suti ya sufu bandari moja ya baridi huko Ulaya, nzito ya kufunika ngamia.) Nikasema nitapanda basi, nitapita Lunga Lunga, nitaingia kwetu kwa heshima.

Ijumaa asubuhi basi likafika kizuizini. Askari aliyekuwa zamu alikuwa mtu wa bara, mrefu, mpole kwa sura, sare imepigwa pasi. Akachungulia dirishani, akauliza, "Nyinyi wote ni wenyeji?" Basi zima likajibu, "Wenyeji!" Akageuka kwenda kuinua lile gogo lililoziba njia. Mambo yalikuwa yamekwisha, jamani. Ningekaa kimya tu. Kuna siku bado naota nimekaa kimya.

Nikasimama. Nikaweka kofia sawa, nikasema kwa sauti ya kufika viti vya nyuma, "Samahani, afande, mimi si kama hawa. Mimi natoka Ulaya. Naomba unigongee muhuri."

Mama mmoja mwenye kuku akageuka kunitazama, kuku naye akanitazama. Nikashuka na leso yangu, nikaifungua pole pole mbele ya watu, nikamkabidhi. Yule askari akafungua ukurasa wa kwanza, akafungua wa pili, akarudi wa kwanza.

"Hii kitabu imekwisha," akasema.

"Imekwisha vipi na kurasa zote nyeupe?"

"Imekwisha siku mingi. Tena hii ni ya serikali ya mkoloni, na hiyo serikali imeenda. Wewe ni mtu ya nchi gani sasa?"

"Mimi Mkenya, wa Gazi."

"Basi niambie bendera ya Kenya iko na rangi gani."

Nikainua macho. Juu ya kituo bendera ilikuwepo, lakini hapakuwa na upepo hata chembe, imejikunja kwenye mlingoti inalala. Nilikuwa sijawahi kuiona ikipepea. Nikatafuta kichwani, nikakuta rangi za bendera niliyoiona Tanga, nikasema kwa uhakika kabisa, "Nyeusi, kijani na manjano."

Mle ndani ya basi mtu akasema "Laa ilaha illallah" kwa sauti ya chini.

"Hiyo ya manjano umeiacha ng'ambo," askari akasema, na upole wake ukaanza kupungua. Akaamuru sanduku langu lishushwe. Lakini hakuwa mtu mbaya, nampa haki yake. Akaniambia nitafute mtu mmoja tu wa huku anayenijua, aseme ananijua, niende zangu.

Ndipo nikamwona Nimwaka! Wallahi niliona kama nimefunguliwa mlango. Nimwaka ni binti wa mjomba wangu, mwanamke wa kifua, sauti yake ikitoka Gazi inasikika Kinondo, naye alikuwa amekaa pembeni ya barabara na sufuria zake kubwa, akingojea basi hilo hilo. Na mnajua alikuwa akienda wapi? Harusini kwangu. Yeye ndiye aliyepewa pilau.

"Nimwaka!" nikaita. "Njoo mwambie afande mimi ni nani!"

Akaja taratibu. Akanitazama kofia, akanitazama suti, akashuka mpaka viatu, akapanda tena mpaka kofia. Jasho linanitiririka. Askari akamwuliza, "Mama, unamjua huyu?"

"Mimi?" akasema Nimwaka. "Simjui. Sijawahi kumwona huyu hata siku moja. Ila kama ni yule mwizi wa kuku aliyefukuzwa Vanga, basi mshike vizuri, ana mbio."

Sasa nyinyi mnaelewa. Kwetu mtoto wa mjomba ni mtani wako, ana haki ya kukukana mbele ya watu na kukuita jina lolote, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeshindwa. Ukinyamaza umeshindwa vibaya zaidi, utatangazwa mpaka Chale. Na mimi nilikuwa nimekaa miaka bila mtu wa kunitania, kule melini walikuwa wananifokea tu, kwa hiyo moyo ukanifurahi, nikasahau niko wapi, nikajibu kama mtu wa kwetu anavyojibu.

"Afande, usimsikilize! Huyu mchawi, huyu. Kamla bibi yake mzaa mama, akabakisha ushungi tu!"

Nimwaka akaangua kicheko, basi zima likacheka, hata kondakta akajishika mbavu. Askari hakucheka. Alikuwa mgeni, hakuna aliyekuwa amemweleza habari za utani, na mbele yake palikuwa na mtu mwenye kitabu cha mkoloni, asiyejua bendera, aliyekanwa na shahidi wake mwenyewe, na sasa kuna habari ya bibi aliyeliwa.

"Nyote wawili," akasema, "ingieni ndani."

"Ah, afande, tulikuwa tunataniana!" Nimwaka akapiga kelele. "Namjua! Ni Omari, ndugu yangu, nimemtawaza utotoni kwa mikono yangu mwenyewe!"

"Saa ile ulisema humjui. Sasa unamjua. Amekupatia nini?"

Kadiri tulivyoeleza ndivyo tulivyozidi kuzama. Basi likaondoka. Sufuria za pilau zikaenda juu ya basi, mpishi wake na bwana harusi wakabaki kwenye benchi la kituo, na kondakta akiwa dirishani anapiga kelele kwamba atafikisha habari. Na alifikisha, Mungu amlipe. Alifikisha kila kijiji alichosimama.

Tukakaa. Adhuhuri ikapita. Nimwaka aliacha utani, akaanza kulia, akasema, "Omari, nisamehe, ni ile suti, niliiona nikashindwa kujizuia." Nilikuwa nikimwona Mejumaa amekaa na hina yake mikononi, na shangazi zake wakinong'onezana, na yule fundi seremala wa Msambweni akichana nywele. Sikuwahi kujichukia kama siku ile. Nimevuka bahari zote salama, nimekuja kuzama nchi kavu, tena kwa kuomba.

Laasiri ilipokaribia lori la kubebea miwa likasimama nje na vumbi lake, na aliyeshuka alikuwa Mzee Salimu mwenyewe, kanzu nyeupe imegeuka nyekundu kwa vumbi. Alikuwa amekuja kuona kwa macho yake kama nimezuiwa kweli au nimekimbia. Nikasimama, nikavua kofia.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Askari akamwuliza kwa tahadhari, "Mzee, kwanza niambie, na wewe unataniana na huyu?"

"Mimi sina utani na huyu," akasema Mzee Salimu. "Ningekuwa nao ningekuwa nacheka."

"Unamjua?"

"Nilidhani namjua. Aliposa binti yangu. Ni ofisa wa meli."

Askari akainama, akafungua sanduku langu la bati, ambalo alikuwa ameshalipekua zamani. Akatoa aproni yangu, ile yenye madoa yasiyotoka, akaishika juu kwa vidole viwili. Halafu akatoa kile kisu changu kidogo, kimekwisha kwa kunolewa. Akaviweka mezani mbele ya Mzee Salimu, akanitazama.

Nilikuwa na uwongo tayari mdomoni, ulikuwa mzuri, unahusu mpishi aliyenizawadia. Lakini nilichoka, jamani. Nilikuwa nimechoka na ile suti.

"Ni vyangu, baba," nikasema. "Mimi si ofisa. Namenya viazi."

"Miaka yote hiyo?"

"Viazi vilikuwa vingi, baba."

Mzee Salimu akageuka akatazama ukutani, nikajua nimempoteza Mejumaa. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka, yule mzee ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake, alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kilemba. "Afande," akasema alipoweza, "huyu ni wetu. Huyu tuachie sisi."

Na askari naye, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akatabasamu. Alisema mtu mbaya hawezi kujitungia habari ya viazi. Akanirudishia pasipoti, akanionya niende Mombasa nikafanyiwe mpya, na nilipotaka kufungua mdomo kumwuliza, Nimwaka alinikanyaga mguu. Nilikuwa nataka kuuliza habari ya muhuri.

Tulirudi juu ya miwa, mimi na Nimwaka, suti inanata kila mahali. Nikahi ikafungwa baada ya magharibi mbele ya wageni waliokula mihogo ya kuchemsha, maana pilau haikuwa na mtu wa kuipika, na kila aliyenipa mkono aliniuliza habari ya viazi, kwa sababu dereva wa lori alikuwa amesikia yote dirishani.

Nilipoingizwa ndani kwa bibi harusi, nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi. Mejumaa hakuyangojea. Alinyoosha mkono wenye hina, akasema, "Nipe hiyo pasipoti iliyokuzuia." Nikampa na leso yake. Akaisogeza kwenye taa, akaitazama ile picha muda mrefu, lile shati la kuazima, ile shingo nyembamba, yale mafuta ya nazi.

"Huyu namjua," akasema. "Huyu ndiye niliyekuwa nikimngojea." Kisha akainua macho akanitazama, kofia mpaka viatu, kama alivyofanya Nimwaka kule kizuizini, lakini yeye hakuwa anatania. "Huyu wa suti ndiye simjui. Hatukumtuma mtu kumwita."

Nikavua koti. Sijalivaa tena, alilichukua mjomba, naye alilivaa siku moja tu akasema linawasha.

Tangu hapo nimejiapiza: nisipoulizwa, sionyeshi. Na ile pasipoti mpaka leo haina muhuri hata mmoja. Anayo Mejumaa, ameifungia kwenye kisanduku chake cha uturi, na siku nyingine wageni wakija, nami nikianza kidogo tu kuwasimulia habari za Ulaya, yeye huinuka taratibu akaelekea chumbani kwenye kile kisanduku, nami nanyamaza.