Namuria na Mbuzi wa Ejore

Pale Kakuma, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, ukitaka jambo lisikike ulimtafuta Namuria. Hakuwa mwalimu wala karani. Mturkana huyu alianza kwa kuuza kuni kwenye kambi ya wakimbizi, na katika kubishania bei akaokota Kiarabu cha Juba, Kiswahili cha Wakongo na vijineno vya Kinuer, mpaka shirika moja la afya likaona afadhali limwajiri kuliko kumsumbua bure kila siku.

Alijua kila mtu ana mlango wake. Wakubwa wa serikali wakija kutoka Lodwar, alivaa viatu, akasema shida ni ipi na kinachotakiwa ni nini, kisha akanyamaza. Kwa akina mama wa Sudan alipitia kwa Nyakong, kiongozi wa kwaya, naye Nyakong akautia ujumbe kwenye wimbo. Kufika Jumapili, kambi nzima inaimba habari za kunawa mikono, na ngoma juu. Kipaji kama kile nani angemfundisha?

Basi ugonjwa wa kuhara ulipoingia, Namuria alizunguka kambini na kipaza sauti kwenye gari la dereva Mutua, akitangaza kwamba wanaohara wapewe maji na wapelekwe hospitali. Watu wakasikia, wakafuata. Sifa zikampanda kichwani kidogo. Akamwambia Mutua waende hivyo hivyo mtoni, kwa wafugaji.

Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu, maji ni ya kuchimba. Walifika wakati mbuzi wa mzee Ejore wanakunywa. Kipaza sauti kilipopiga kelele, mbuzi wakatimka kila upande, makarai yakapinduka, na Ejore akaja mbio na fimbo.

"Namuria, hawa watu wako watatuua!" Mutua alisema, tayari anageuza gari.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Binti wa wafugaji yule, aliyekua akijua kwamba habari haisemwi kabla mifugo haijanywa, hata iwe ya msiba! Waliporudi kambini aliona haya, akashindwa hata kula. Lakini hofu ilizidi haya. Nyuma ya Ejore alikuwa amemwona Akuwam, mke wa mwana wa mzee, amembeba binti yake mdogo, macho yametumbukia, midomo imekauka. Wengi mtoni waliamini kwamba anayehara akinyimwa maji ataacha kuhara. Mtoto yule alikuwa ananyimwa maji.

Kesho yake asubuhi alirudi peke yake, miguu mitupu, na tumbaku ndani ya kitambaa. Akashuka kisimani, akasimama katikati ya wanawake, akapokea karai kutoka chini na kulipitisha juu, akiitikia wimbo wao. Moyo ulimsukuma apige kelele kwamba mtoto anakufa. Akajikaza, akapokea karai lingine. Kusubiri kule kulimuuma kuliko jambo lolote alilowahi kufanya.

Mbuzi wa mwisho alipotosheka, Ejore akaketi kwenye kigoda chake.

"Ejok?" akamsalimu Namuria.

"Ejok, baba."

Akampa tumbaku. Wakaongea mvua iliyonyesha Kaikor, wakaongea malisho. Hatimaye mzee mwenyewe akauliza jana alikuja kupiga kelele za nini.

"Baba, mwanambuzi akihara, unamfanyaje?"

"Namrudisha kwa mama yake anyonye. Asipokunywa anakauka, anakufa."

Namuria akamtazama mtoto mgongoni mwa Akuwam. Ejore naye akatazama. Akaiweka tumbaku chini, akasema kwa sauti ndogo, "Akuwam, mpe maji. Halafu tumpeleke kwa hao watu wa kambini."

Hospitali ya kambi ilikuwa imejaa. Mtoto alipokelewa pamoja na mama yake, mzee akabaki nje. Namuria angeweza kumweleza habari za dripu na dawa, angeweza kumliwaza kwa maneno matamu, maana alikuwa nayo tele. Badala yake aliketi mchangani kando ya mzee mpaka jua likahama upande wa pili wa ukuta.

Alasiri akatoka Eugénie, muuguzi Mkongo.

"Mama Namuria, mutoto analilia maziwa."

Ejore hakujua Kiswahili. Akamkazia Namuria macho, na Namuria alipofungua kinywa kutafsiri, machozi yakamtangulia. Mzee akadhani mambo yameharibika.

"Maziwa," akasema Namuria kwa Kiturkana, akishika mkono wake. "Baba, anataka maziwa."

Ejore akainuka bila kuaga, akashika njia ya mtoni, kwenda kukama mbuzi.