Fundo la Letisia

Mwaka 1975 kila kitu kule Tlawi kilikuwa na kampeni yake, isipokuwa Letisia. Alikuwa na miaka tisa, hajawahi kutamka neno. Mganga wa zahanati alimpima kwa macho, kwa mbali, akaamua kwamba akili ya mtoto imelala, akampa vidonge vya malaria. Ndivyo vilivyokuwepo.

Mama yake, Kornelia, hakusubiri akili iamke. Aliona mtoto akiwa na kiu hushika kibuyu, basi akampa kipande cha kibuyu. Akaongeza gunzi la kuombea chakula, kipande cha ngozi cha kuombea kulala, na fundo la kamba la kusema imetosha, twende. Vyote vilikaa kwenye kikapu. Letisia alichagua kimoja, akakiweka kwenye kiganja cha mama yake bila kumtazama usoni, na mambo yakaenda. Bila kikapu alipiga mayowe na kujing'ata mkono hadi damu. Lakini hakuwahi kumpa mtu mwingine yeyote kitu cha kikapuni. Hata Severina, shangazi yake waliyeishi naye, hakupata hata gunzi. Kornelia alijiuliza kila siku mtoto huyu atamwomba nani maji yeye akifa, na hofu hiyo haikumpa usingizi.

Ndipo Bwana Felician, afisa wa elimu ya watu wazima, mgeni kutoka Bukoba, alipokuja kufuta ujinga. Aliufuta kwa hotuba, maana chaki zilikuwa zimekwisha. Mkutanoni alikiona kikapu.

"Mama, haya ni mambo ya uganga."

"Hapana, mzee. Ndivyo anavyosema mtoto."

"Mtoto husema kwa mdomo," alieleza Bwana Felician, ambaye hakuwa na mtoto. Akakiweka kikapu mezani kwake, akatangaza kwamba mkutano ukiisha kitachomwa mbele ya wote, kiwe fundisho.

Kisha akahutubia. Saa ya kwanza alieleza umuhimu wa viongozi kuwasikiliza wananchi. Saa ya pili aliirudia ya kwanza, kwa faida ya waliochelewa. Kornelia alimshika Letisia mkono, akimwomba Mungu asianze mayowe. Saa ya tatu mkono ukamponyoka.

Mtoto alikwenda moja kwa moja mezani, akachakura kikapuni, akaliweka fundo kwenye kiganja cha afisa, kilichokuwa wazi kikisisitiza jambo. Akasimama pale, akitazama viatu vya afisa.

"Anataka nini huyu?"

Kornelia alisimama. "Anasema imetosha, mzee. Anaomba twende."

Watu themanini waliinamisha vichwa, wengine wakiziba midomo. Bwana Felician alilitazama fundo, akatazama saa, akasema kwamba kwa kweli alikuwa anaelekea kumaliza. Habari ya kuchoma hakuigusa tena.

Kornelia alilia njia nzima, wala hakuona haya. Kesho yake alimkalisha Severina jikoni karibu na kikapu, akamwambia afungue kiganja kama afisa, ila anyamaze.