Nyumba Zilizoandikwa kwa Chaki

Nikipita gereji na harufu ya oili chafu ikanijia, sioni magari. Naona dimbwi la nyuma ya ploti yetu Kitengela, na hasira inanipanda kama ni jana.

Shimo lile liliachwa na wachimba mawe. Mvua ikinyesha, mbu walizaliana humo kama wamelipia kodi. Kwa hivyo kila Jumamosi mama, Mkamba asiyependa kungoja mtu, aliwatoa watu wa nyumba zote kumi na mbili (nimehesabu mara mbili, choo sijaweka) wakamwage oili chafu juu ya maji, viluwiluwi vikose pumzi. Usiku tulilala ndani ya neti aliyoichovya dawa mwenyewe. "Mbu hana likizo," alikuwa akisema.

Nilipoingia darasa la nne, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakaja maafisa na chaki. Walitangaza kwamba nyumba zote zitapulizwa dawa, bure, wakaandika nambari kwa kila mlango, wakaenda. Haki, ungedhani chaki ndiyo dawa. Sisi watoto tulikatazwa kugusa milango tusifute nambari.

Jumamosi iliyofuata jirani yetu Mama Njoroge, muuza viazi, hakuinuka kwa kigoda chake. Akamwita mama kwa jina langu:

"Mama Mwende, hiyo oili ni ya nini? Si tumeandikwa?"

Mama alimwaga peke yake, na wiki iliyofuata pia. Ya tatu, akaketi naye. Neti ikaenda kufunika vifaranga, mwewe asiwabebe.

Mvua ikaja. Wapulizaji hawakuja. Ndugu yangu Mutua, wa miaka mitatu, alishikwa na homa Jumatatu. Jumatano macho yakageuka, mwili ukakakamaa, mama akamkimbiza hospitali Kajiado. Siku kumi na moja nililala kwa Mama Njoroge, ambaye alinipakulia vizuri lakini hakunitazama usoni. Mutua alirudi hai. Sikio la kushoto halikusikia tena.

Wapulizaji walifika kiangazi, dimbwi limekauka hadi matope yakapasuka. Msimamizi wao akaona neti kwa banda la kuku, akacheka.

"Mama, kinga inaanza nyumbani."

"Ilikuwa imeanza," mama akasema polepole. "Mkatuambia hiyo kazi mmechukua nyinyi."

Yule bwana akageuka kuwaita wenzake, nami nikavimba kichwa: mama ameshinda. Ila mshindi akaingia ndani, akajifunika leso, akalia hadi ugali ukaungua. Sikuelewa hata kidogo. Mtu ameshinda, analia nini?

Nilikuja kuelewa nikiwa na mtoto wangu mwenyewe. Yule msimamizi alikuwa na makosa, na makosa hayo mimi sijamsamehe mpaka leo. Lakini alikuwa amesema ukweli pia, na huo ndio mama hakuweza kumsamehe.