Chachu ya Kijiji Kilichohamwa

Mimi na uchafu hatupatani, na siku ile usafi wangu uliniponza. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani, na asubuhi hiyo nilikuwa mtaa wa Bredäng kwa bibi mmoja Mgiriki. Kwenye friji nikakuta bakuli la unga uliochacha, unanuka, nikaumwaga bila kuuliza. Bibi alipoliona bakuli linang'aa, alikaa chini akalia.

Ilikuwa chachu ya kijijini kwao. Alinisimulia kwa Kiswidi chetu cha kuungaunga: kijiji juu ya kilima, nyumba za mawe, tanuri moja kwa wote. Kila wiki nyumba moja ilikuwa na zamu ya kuwasha moto, wengine wakija na mikate yao mibichi. Kisha vijana wakaondoka kutafuta kazi viwandani, yeye akiwemo. Zamu zikawa zinarudi upesi mno, mpaka akabaki mama yake peke yake, na nani awashe tanuri zima kwa mkate mmoja? Sasa hakai mtu huko. Kilichobaki ni chachu aliyokuja nayo, nami nimeimwaga. Niliona aibu hata kumtazama.

Wa kumwendea alikuwa mmoja tu, mwanamke wa kijiji hichohicho anayekaa Hässelby, mtaa mwingine wa jiji hili. Walikuwa wamenuniana miaka mingi, kwa sababu ambayo bibi hakutaka kuitaja.

"Chachu hainyimwi, hata kwa adui," alisema. "Ila sijui kama bado anayo."

Siku yangu ya mapumziko nikamshika mkono tukapanda treni. Mwenyeji alifungua mlango. Nilikiri kosa langu kabla sijaulizwa. Akaingia jikoni, akarudi na chupa ya chachu iliyojaa mapovu, nami nikashusha pumzi. Hawakukumbatiana. Walianza kubishana iwapo chumvi hutiwa mwanzo au mwisho, wakabishana mpaka kahawa ikapoa, na nilifurahi sana kuwasikia.

Mwenyeji akagawa mafungu matatu. Nikamwambia moja limezidi.

"Halijazidi," alisema bibi yangu, akinisogezea. "Sisi tunazeeka. Wewe una watoto."

Nikalipokea kwa mikono miwili.