Kinasa Hapunguzi Neno

"Soko hili zima," Kinasa alitangaza siku moja kwenye mkutano wa wafanyabiashara, kipaza sauti akiwa amempora mwenyekiti, "ni mimi peke yangu ninayebeba maneno ya watu bila kula hata moja njiani!"

Walicheka, lakini hakuna aliyebisha. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa mteja.

Usidhani simu zimemnyang'anya kazi. Zimemwongezea. Siku hizi watu wanafungiana namba kama wanavyofunga maduka, na maneno yaliyokosa njia yanaishia kwenye stuli ya Kinasa, kati ya muuza ndoo na fundi saa. Sharti lake ni moja: ukimpa ujumbe, anakurudishia palepale, kwa sauti yako na mikogo yako, mpaka useme "ndivyo". Hapo ndipo miguu inaondoka.

Siku ya Jumanne Kinasa aliitwa na fundi cherehani. Huyu na mdogo wake, msusi wa upande wa pili wa soko, wana miaka minne hawasemeshani.

"Dada, nipelekee neno kwa yule. Mama anapasuliwa kesho saa mbili. Na asikanyage hospitali, mama hana mtoto wa pili."

Kinasa akabana midomo kama fundi, akanyoosha kidole kama fundi: "Mama anapasuliwa kesho saa mbili. Na usikanyage hospitali, mama hana mtoto wa pili. Ndivyo?"

Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa.

"Ndivyo ninavyosikika?"

"Mimi nabeba tu, fundi. Sipiki."

"Hebu toa hayo ya mwisho."

"Kutoa ni kupunguza. Sipunguzi. Sema upya."

Fundi alikata uzi ambao haukuwa na kosa. "Mama anapasuliwa kesho saa mbili." Akaweka mkasi chini. "Naogopa kukaa pale peke yangu."

Kinasa aliyarudisha, na safari hii kidole kilitulia.

"Ndivyo," fundi akanong'ona.

Kwa msusi aliyamwaga yote mbele ya mteja mwenye kichwa nusu kimesukwa. Kitana kilibaki hewani.

"Dada yangu kasema anaogopa? Hujatia chumvi?"

"Nimeanza lini?"

Jibu lilirudi kabla chai ya fundi haijapoa: "Saa moja nitakuwa nimeshafika. Nakuwekea kiti."

Fundi aliomba alisikie tena. Kisha akajipangusa macho kwa kipande cha bitana, akauliza kama ule ujumbe wa kwanza, ambao haukwenda popote, nao unalipiwa.

Ujumbe, uende usiende, ni mia mbili.