Bado ni Majilio

Kinyozi wangu wa Ilomba alikuwa amenyoa nusu ya kichwa changu alipoweka albamu mpya ya Krismasi ya wazee wa muziki wa soul wa Marekani, niliyomletea kwa majivuno ya msafiri. Mwalimu wa kwaya yetu, aliyekuwa akisubiri zamu, akainua kidole.

“Zima, ndugu yangu. Bado ni Majilio, nyimbo za Krismasi zingoje.”

Kabla haijazimwa, mzee mmoja wa besi kwenye albamu akashusha sauti mpaka kioo kikatetemeka.

“Ngoja kwanza. Rudisha hapo,” mwalimu akadakia.

Ikarudishwa mara nne, mwalimu akiandika noti kwenye bahasha ya sadaka.

“Kwani Krismasi imefika, mwalimu?” nikamchokoza.

“Haijafika. Ila ikifika, waimbaji wangu wa besi wataniaibisha, na wewe ni mmoja wao.”

Anayesema wazee wale wa albamu wamechoka sauti hajanisikia mimi nikiimba besi.