Safari ya Rumangabo Niliyoikatisha Mwenyewe

Kuna Jumapili moja ninayoikumbuka hata nisipotaka, na wewe, mwanangu, ndiye uliyenirudishia juzi. Ulisimama pale uwanjani, ukapiga mpira wa gofu, ukadunda juu ya mawe mara mbili, watu wakakupigia makofi. Ulinigeukia ukingoja nami nipige. Sikupiga. Ulinuna, nilikuona. Basi kaa hapa, hiyo simu iweke pembeni kidogo, nikueleze kwa nini mjomba wako alibaki na mikono mfukoni.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nafua mashuka katika hoteli moja karibu na ziwa, hapa hapa Goma. Nyuma ya hoteli palikuwa na uwanja wa kufanyia mazoezi ya gofu. Nikisema uwanja usifikirie majani. Ilikuwa lava tupu, mawe meusi yaliyoshuka kutoka mlimani zamani yakaganda yalivyotaka yenyewe. Upande wa huku mwenye hoteli aliweka mikeka mitano ya kupigia, upande wa kule palikuwa na ukuta, katikati mawe. Sisi wafanyakazi tuliruhusiwa kupiga baada ya kazi, mradi mipira tuiokote wenyewe.

Aliyetufundisha alikuwa Muzee Bauma, mtu wa milima ya Masisi kama sisi, mfupi, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Hakupenda mtu apigepige tu. Alikuwa akisema ukipiga mipira mia moja bila kujua unaipeleka wapi, umefanya mazoezi ya kuumwa mgongo, na kesho utaona uvivu kurudi. Kwa hiyo alitutengenezea safari.

Unajua katika mji huu udongo unanunuliwa. Mtu akitaka mboga kidogo nyuma ya nyumba, ananunua udongo kwa gunia, anautandaza juu ya mawe. Muzee Bauma alifanya vivyo hivyo. Aliagiza udongo mweusi kutoka Kibumba, ukaja juu ya chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili yanayosukumwa kwa mikono, gunia kwa gunia, akautandaza kwa mikono yake juu ya lava mpaka vikatokea viraka vinne, kila kimoja kama chumba kidogo, kila kimoja mbali kuliko mwenzake. Akavipa majina ya barabara inayopanda kaskazini: Munigi, Kibumba, Rumangabo, na cha mwisho Rutshuru.

Mkeka ndio ulikuwa Goma. Unaanzia hapo na mipira kumi, si zaidi. Kabla ya kupiga unasema kwa sauti unakokwenda. Unachagua fimbo inayofaa kwa Munigi, unapiga, na mpira lazima uanguke kwenye udongo na kukaa hapo hapo. Umekaa? Unabadili fimbo, unakwenda Kibumba. Umekosa? Unasema mwenyewe umekosea wapi, halafu unarudi Goma, unaanza upya. Hakuna aliyekutukana. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake yote: anayekosa anaanza tena Goma. Siku nyingine alitungojesha mpaka upepo wa ziwa uanze, ndipo anasema, haya, safirini. Mipira kumi ilimaliza saa nzima na hukujua saa imekwenda wapi.

Mimi safari hiyo sikuipenda, na sababu yake ni ya aibu. Udongo ulikuwa unaua mipira yangu. Mpira ukianguka kwenye udongo unatulia. Ukianguka kwenye jiwe unaruka, unaruka tena, unafika ukutani. Na Jumapili, familia zikitoka ibadani zilipita kando ya uzio wetu kwenda kutembea ziwani, wamevaa vizuri, wanasimama kututazama. Mpira wangu ukigonga ukuta, wanapiga makofi. Wakanibatiza jina, wakaniita Ukuta. Hata mashemasi waliniita Ukuta. Mfua mashuka wa miaka ishirini na mmoja, mtaa wetu wote wa Majengo unamwita Ukuta, unafikiri kichwa kitabaki mahali pake?

Tulikuwa na mwenzetu mmoja, Furaha, msichana wa jikoni, aliyekuwa akimenya viazi vya hoteli. Yeye alisafiri kila siku. Mipira kumi, anarudisha fimbo, anakwenda kwao. Hakuna aliyewahi kumpigia makofi, maana mpira ulioanguka kwenye udongo ukakaa hauna la kutazama. Nilikuwa namhurumia. Ndio upumbavu wangu huo, nauweka wazi.

Sasa ikaja habari kwamba mwenye hoteli amefungua uwanja wa kweli huko Masisi, juu ya malisho ya ng'ombe, na anatafuta moniteri wa kufundisha wageni. Muzee Bauma aliulizwa ataje watu wawili. Alimtaja Furaha, akanitaja mimi. Tungeshindanishwa kule kule malishoni baada ya wiki tatu, na atakayeshinda atapewa kazi, nyumba, na kipande cha shamba.

Hapo kwenye shamba nisikilize vizuri. Mama yangu, ambaye wewe hukumkuta, alikuwa mkulima. Vita vilitushusha kutoka Masisi, tukajibana Majengo katika nyumba ya mbao iliyokaa juu ya mawe, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akipanda maharagwe ndani ya beseni lililotoboka. Nilimwambia habari ya shamba. Aliinama chini ya kitanda, akatoa jembe lake, akakaa mlangoni akilisugua kutu. Tangu siku hiyo jembe halikurudi chini ya kitanda.

Jumapili ya mwisho kabla ya mashindano ndiyo ninayokuambia. Wiki nzima mipira yangu ilikuwa ikifia Rumangabo, maana kiraka hicho kilikuwa pale pale mpira wangu ulipozoea kugonga jiwe la kwanza. Nikawaza watu watakuja leo kumwona Ukuta, wataona nini? Nikachukua koleo na ufagio wa hoteli kabla ibada haijaisha, nikaifagia Rumangabo yote. Udongo uliingia katika nyufa za lava. Nilijiambia ni kwa siku moja tu, nitaurudisha. Udongo ukishaingia kwenye lava, mwanangu, huurudishi.

Mchana huo niligonga ukuta mpaka watu wakachoka kupiga makofi. Kisha Muzee Bauma akafika. Alikwenda moja kwa moja mpaka pale, akachuchumaa, akaanza kuchokoa nyufa kwa vidole. Nikamfuata, fimbo begani, watu wote wakitazama, nikafungua mdomo huu.

"Muzee, enda ukapande viazi. Sisi tuko tunacheza gofu."

Walicheka. Nami nilicheka nao. Muzee Bauma alisimama polepole, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Deo," akasema, "jiwe inasifiaka kila mutu. Hata mutoto akitupa kitu pale, jiwe itamupelekea mbali. Kule unaenda, jiwe hakuna." Akatazama zile nyufa. "Rumangabo umeiharibu. Lakini sheria unaijua. Mutu akikosa, anarudia Goma."

Nikamjibu kwamba sina wakati wa kurudia Goma, mimi naelekea Masisi. Hilo nalo nilipigiwa makofi.

Siku ya mashindano mama alikuja nasi. Alikuwa amelifunga jembe ndani ya kitenge, amelipakata ndani ya lori njia nzima. Malisho yalikuwa yamenyeshewa, majani mafupi ya kuliwa na ng'ombe, udongo laini mpaka kisigino kinazama. Bendera sita, mipira sita, kila mpira kwenye bendera yake, anayekaribia zaidi ndiye moniteri.

Mpira wangu wa kwanza niliupiga vizuri kuliko mipira yote niliyowahi kupiga. Ulipanda, ukashuka, ukatulia, mbali sana na bendera. Nilisimama nikiungoja uruke. Mwanangu, niliungoja kweli. Umbali wote niliokuwa nikijivunia, nusu yake ilikuwa ya mawe, na mimi sikuwahi kujua nusu yangu inaishia wapi. Wa pili nikatia nguvu, ukapinda. Wa tatu nikatia hasira, ukaenda kwenye kundi la ng'ombe ukazama katika mavi, na mchungaji akaniuliza kama nitaufuata. Mitatu iliyobaki sitakusimulia.

Furaha alipofika zamu yake, niliona kabla ya kila mpira midomo yake inacheza. Nikajua anasema nini. Munigi. Kibumba. Rumangabo. Hakuwa Masisi hata kidogo, alikuwa kwenye barabara yake ya kila siku, na mipira yake ilikaa karibu na bendera mmoja baada ya mwingine, bila haraka, bila mtu kushangilia.

Mama hakuuliza nani ameshinda. Alichota udongo kiganjani, akaunusa, akaufunga kwenye pindo la kitenge. Tulishuka Goma. Alikufa miaka minne baadaye, pale pale Majengo, juu ya mawe, na lile jembe karibu na mlango. Watu huniambia nijisamehe, imekuwa zamani. Sijajisamehe na sina mpango huo. Bado naona uchungu, na uchungu huu ni haki yangu, niliupata kwa mikono yangu.

Na hilo bado si baya kuliko yote.

Sikurudi kwa Muzee Bauma. Niliacha kazi hotelini, nikapata ya kupakia magunia sokoni, na nikitoka nyumbani nilizunguka njia ndefu ili nisipite kwenye ule uzio. Nilijiambia ananichukia. Ni rahisi kufikiri mtu anakuchukia, inakupunguzia kazi ya kwenda kuomba msamaha. Nilizunguka hivyo mpaka nikasikia amekufa, na nilikwenda kwenye kilio chake nikiwa nyuma ya watu wote.

Furaha alikuwa ameshuka kutoka Masisi kuzika. Aliniona, akanivuta pembeni. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi.

"Rumangabo aliirudisha, Deo," akaniambia. "Ile wiki yenyewe. Alilipa chukudu ingine, akaweka udongo mupya. Kule Masisi walitaka moniteri wa pili, na nyumba na shamba yake. Walimuomba ataje mutu. Akawaambia mutu iko, wangojee, iko Goma anaanza tena. Walingojea mwaka muzima."

Mwaka mzima. Mama alikuwa hai mwaka huo wote. Alikuwa akipanda maharagwe ndani ya beseni, kwa mwendo wa nusu saa kutoka kwa mzee aliyekuwa amemshikia shamba, na mimi ndiye niliyekuwa nazunguka njia ndefu.

Ndiyo sababu juzi sikupiga makofi. Niliuona mpira wako ukigonga jiwe, na nikakuona ukifurahia nguvu ambazo si zako.

Sasa nisikie. Usipige mipira mingi kuliko ile unayoweza kuipa jina. Taja mahali mpira utakapoangukia, achana na pale utakapoishia baada ya kurukaruka. Usishike fimbo moja asubuhi mpaka jioni kwa sababu inakupendeza, badili kila mpira, kwa kuwa uwanjani hakuna atakayekuwekea mpira mmoja mahali pamoja mara mia. Safiri kichwani, utaona mazoezi hayachoshi, na kama yameanza kukuchosha weka fimbo chini uende nyumbani, usiendelee kwa ubishi. Tafuta mwenzako mmoja wa kusafiri naye, wa kukuambia umekosa wakati umekosa. Wanaosimama kwenye uzio waache wapite ziwani, si wabaya, ila hawajui wanachokitazama, na mimi niliwapa maisha ya mama yangu wayachekee.

Na ukimkosea aliyekufundisha, nenda siku hiyo hiyo. Nenda kwa miguu, nenda ukiwa na aibu, nenda hata kama hujui utasema nini. Usimsemee moyoni mwako kwamba anakuchukia. Pengine amekaa amekushikia nafasi, na siku zinakwenda.

Ule uwanja wa zamani umejengwa nyumba, siwezi kukuonyesha Rumangabo ilikuwa wapi. Lakini nyuma ya mlango kuna magunia mawili ya udongo wa Kibumba. Barabara ya kule siku hizi unaijua ilivyo, mara inafungwa, mara inafunguliwa, nimeyangojea magunia haya kwa muda mrefu. Kesho tutayapeleka uwanjani kwako, tutayamwaga pale pale mpira wako ulipogonga jiwe juzi, na tutautandaza kwa jembe la mama, halina kutu, mimi nalisugua.

Mungu akupe mikono inayosikia, mwanangu. Akupe mtu wa kukunyima makofi mapema. Na siku utakapokosa, maana utakosa, asikunyime miguu ya kurudi Goma.